Mizani ya Babu

Kwetu Kwimba, ukutani sebuleni, kuna picha moja tu ya zamani. Babu amesimama kando ya mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia pamba. Kaptula imepigwa pasi, soksi zimevutwa hadi magotini, kalamu iko sikioni. Nyuma yake kuna magunia na watu wachache ambao picha imewakata vichwa. Nimekua nikiitazama picha hiyo kama watu wanavyotazama picha ya Baba wa Taifa ofisini. Babu alikuwa karani wa gulio, na kwenye ukoo wetu hilo pekee lilikuwa historia kamili.

Mwaka 2013 nilikuwa mwaka wa pili, nasomea ualimu wa historia na Kiswahili katika chuo kimoja hapa jijini Mwanza. Jina la chuo naliacha. Tulikuwa na semina kila Alhamisi mchana, jua la saa nane linapiga bati, pimbi wanaota jua juu ya mawe nje ya dirisha, na sisi ndani tunasinzia kwa adabu. Mwalimu wetu, Dokta, alikuwa mzee mfupi asiyependa projekta. Siku hiyo aliandika ubaoni neno moja la Kiingereza, "privilege", lile ambalo wasomi hulitumia wakitaka kusema kwamba fulani amezaliwa mbele ya wenzake kwenye foleni, akatutaka tulitie kwenye Kiswahili.

Mmoja akasema upendeleo. Dokta akakataa. Upendeleo una mtu nyuma yake, alisema, mjomba aliyeko ofisini anakuita upite mlango wa uani. Hili halihitaji mjomba. Mwingine akasema bahati. Akakataa tena: bahati haina babu. Mwingine akajaribu fadhila, akaulizwa ni nani anayefadhili. Ndipo sauti ikatoka nyuma, "Ukishua!" Darasa likaangua kicheko kwa neno hilo la mtaani la maisha ya wenye nazo, na likabaki hilohilo muhula mzima.

Lilitufaa kwa sababu tulikuwa na mtu wa kumvika. Mwenzetu mmoja alikuwa anakaa Capri Point, mtaa wa wenye nazo hapa Mwanza, na anakuja chuo na Vitz yake mwenyewe. Baba yake alikuwa na biashara ya minofu ya sangara. Tulimwita Mheshimiwa. Kiingereza chake kilitiririka kama maji ya bomba la kwao. Akisimama kuzungumzia uchumi wa kikoloni, sisi wa Mtakatifu Kayumba, yaani shule za serikali, tuliinama kwenye madaftari kana kwamba tumeangusha kitu. Ukweli ni kwamba tuliyajua mambo, tena mengine kuliko yeye. Tulichokosa ni sentensi. Mtu amesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, amevushwa kidato cha kwanza kwa Kiingereza kwa kukariri, halafu anaambiwa ajadili historia ya nchi yake, ya bibi zake waliozungumza Kisukuma, kwa lugha ambayo hata kuomba chumvi mezani anaiombea kwa kusitasita. Anayesoma haya na amepita njia hiyo anajua ninachosema.

Mimi ndiye niliyekuwa mkali kuliko wote dhidi ya Mheshimiwa. Nilikuwa na haki, au nilidhani ninayo. Mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, nimevaa katambuga hadi darasa la tano, nimekula michembe kiangazi chote, nimesoma kwa kibatari. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likitoka nagawa na wadogo zangu. Nikisimama kuzungumzia ukishua nilikuwa nasema kama shahidi mahakamani, na wenzangu wakipiga meza.

Siku iliyowasha moto ilikuwa ile ya kuzungumzia mwaka 1966. Dokta alitusimulia jinsi tarehe 22 Oktoba mwaka huo wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walivyoandamana na majoho yao hadi kwa Rais kupinga mpango wa Jeshi la Kujenga Taifa. Mpango uliwataka wahitimu watumikie miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akawaka. Alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na karibu wanafunzi 400 wakarudishwa makwao. Dokta akatukumbusha pia mfano ambao Mwalimu alikuwa ameutoa miaka hiyo: kijiji chenye njaa kinakusanya chakula chote kilichobaki kinampa kijana mmoja, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta kingine. Akishiba asirudi, huyo ni msaliti.

Darasa liligawanyika. Mheshimiwa alisema wale wanafunzi walikuwa na hoja, kwamba serikali isiyosikiliza vijana wake haina tofauti na wazazi wasiosikiliza. Nikamrukia. Nikamwambia yeye ndiye yule kijana aliyekula chakula cha kijiji akanunua Vitz. Watu walishangilia hadi pimbi wakakimbia. Dokta alitulia, akauliza taratibu, "Na wewe kijana, chakula ulichokula kilikuwa cha nani?" Nikajibu cha serikali, cha mkopo, nitalipa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

Ndipo alipotupa kazi. Likizo ile kila mmoja aende kwao aulize mambo matatu: nani wa kwanza katika ukoo kuingia darasani, ada yake ilitoka wapi, na nani alibaki nyumbani ili yeye aende. Tukirudi, kila mtu atasimama aeleze. Na ruhusa, alisema, kueleza kwa Kiswahili.

Hilo la mwisho lilibadilisha darasa kuliko hotuba zote. Watu waliokuwa kama fanicha wakaanza kuwa na midomo.

Kabla sijafika kwangu, nimseme mwenzetu mmoja wa Kihindi, pekee darasani. Tulipofundishwa pamba ya Kanda ya Ziwa, mhadhara ulisema wazi: wanunuzi na wenye vinu vya kuchambua walikuwa Wahindi, mizani ilichezewa, wakulima waliibiwa, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye magulio, wakaungana, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria chini ya Paul Bomani. Yote hayo ni kweli. Lakini dakika arobaini nzima hakuna aliyemtazama yule jamaa, na kutomtazama huko kulikuwa na kelele. Zamu yake ilipofika alisimama akasema babu yake alikuwa fundi cherehani pale mjini, alishona sare za shule, na hakuwahi kununua pamba hata ratili moja. Akakaa. Ndiyo ilikuwa hotuba yake nzima. Sikumwelewa siku ile.

Mimi nilijiandaa kama bwana harusi. Niliipiga picha ya Babu kwa simu, Dokta akakubali projekta iwashwe kwa mara ya kwanza. Nikaeleza: Babu alisoma darasa la nne shule ya wamisionari, akawa karani wa chama cha msingi cha ushirika, akasimamia mizani iliyomkomboa Msukuma. Nikaongeza siasa. TANU ilipigwa marufuku Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958, na katika miaka hiyo ushirika ndio uliokuwa kivuli cha watu kukutana. Nikasema pia habari za Geita 1958, watu walipokataa baraza la mseto la rangi zote lililoletwa na wakoloni, wakatembea hadi Mwanza kudai haki yao, wakapigwa mabomu ya machozi. Nikadokeza kwamba Babu alikuwemo. (Kwetu kila Krismasi Babu alikuwa anatembea umbali mrefu zaidi kuwaunga mkono watu wa Geita. Nilipokuwa mdogo aliishia Misungwi. Nilipofika kidato cha sita alikuwa amevuka ghuba.)

Makofi yalikuwa mengi. Dokta akauliza, "Na nani alibaki?" Nikasema, "Hakuna, Dokta. Kwetu wote walisoma." Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akamwita anayefuata.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya dada mmoja ambaye hadi hapo nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake zaidi ya "present". Mama yake aliuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Tulijua hivyo kwa sababu begi lake lilinukia dagaa na kuna wajinga waliwahi kulisemea. Alisimama bila karatasi.

Alisimulia habari za bibi yake mzaa mama, mjane, aliyelima pamba kwa jembe la mkono kule Kwimba, akaibeba kichwani hadi gulioni na watoto nyuma wamebeba vifurushi vyao. Karani alikuwa kijana mtanashati mwenye baiskeli. Alisoma mshale kwa sauti na kuandika. Bibi hakujua kusoma, lakini alijua mgongo wake, na msimu wa pili akaanza kuhisi kwamba mzigo uliomvunja shingo njiani ukifika gulioni unapungua. Basi akamchukua mwanawe mkubwa, aliyekuwa darasa la pili, akamwambia asimame karibu na mizani atazame. Karani akasema, "Sitini." Mtoto, kwa heshima zote, akasema, "Shikamoo karani, mbona mshale uko sitini na nne?"

Alipigwa kofi lililomwangusha juu ya magunia. Na siku hiyo pamba ya mjane, iliyokuwa nyeupe kama maziwa, ikaandikwa fifi, daraja la pili, bei ya chini.

Ratili nne kwa kila mzigo. Yule dada alipiga hesabu mbele yetu polepole, mizigo mingapi kwa msimu, misimu mingapi, bila kuonyesha hasira yoyote. Msimu uliofuata ada ya mtoto haikupatikana. Akaacha shule, akaenda ziwani. Ndiye mjomba aliyemfundisha mama yake biashara ya dagaa. "Kwetu," alimaliza, "wa kwanza kuingia darasani ndiye aliyebaki."

Hakutaja jina la karani. Alitaja gulio. Na gulio lile halikuwa na makarani wawili.

Nilikaa pale nikitazama ubao. Sikumbuki aliyefuata alisema nini. Nakumbuka tu kwamba nilianza kutengeneza utetezi hapohapo, na usiku mzima nikaendelea, kwa ustadi ambao laiti ningeutumia kwenye mitihani. Kwamba Wahindi walikuwa wakichukua zaidi. Kwamba mshale wa mizani kuukuu huyumba. Kwamba mtoto wa darasa la pili anaweza kukosea. Kwamba huenda mizigo ililowana umande, karani akapunguza uzito wa maji. Hii ya umande niliipenda sana, niliirudia hadi asubuhi. Kisha nikakumbuka hotuba zangu za ukishua na jinsi Mheshimiwa alivyokuwa akijitetea kwamba baba yake alianza na mtumbwi mmoja. Alikuwa anatengeneza umande wake.

Kesho yake nilimkuta yule dada kwa mama lishe nje ya geti, anakula wali maharage. Nikaketi.

"Dada, lile gulio ulilolisema."

"Najua," alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu ulipoonyesha picha. Bibi ameisimulia ile kalamu ya sikioni mara nyingi, ningeichora."

"Mbona hukumtaja?"

Alitafuna akamaliza. "Ningemtaja, darasa lingegeuka kuwa kesi yako. Wangekushika wewe, wakamsahau bibi. Mimi nilitaka waiseme mizani." Halafu, baada ya kunywa maji: "Kula basi, wali unapoa."

Sijapata kuambiwa jambo zito kwa upole kama ule.

Nilikwenda kwa Dokta ofisini na nikamwambia yote. Hakushangaa. Akaniuliza kama nilijua kitu kingine kilichotokea 1966, mwaka uleule wa majoho. Sikujua. Akaniambia kwamba mwaka huo Rais aliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, kwa sababu malalamiko ya wakulima yalikuwa yamezidi: makarani wasio waaminifu, ndugu kuajiri ndugu, hesabu zisizosomeka. Vyama vilevile vilivyozaliwa kupinga mizani ya uongo. Na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kabisa, vikarudishwa kwa sheria ya 1982. "Unafundishwa kuzaliwa," alisema, "mara chache unafundishwa ugonjwa."

Tulizungumza muda mrefu siku hiyo, naye ndiye aliyenifafanulia kitu kuhusu somo letu. Wazee wake walikaririshwa kwamba Speke aligundua ziwa hili tarehe 3 Agosti 1858, akalipa jina la malkia wake, kana kwamba Sidi Mubarak Bombay aliyekuwa naye safarini alikuwa mzigo tu, na wavuvi wa Nyanza walikuwa wanavua wamefumba macho. Kwa hiyo kizazi cha wanahistoria kina Isaria Kimambo na Arnold Temu, na Terence Ranger aliyeanzisha idara ya historia pale Dar es Salaam, kilikuwa na kazi ya haraka ya kumrudisha Mwafrika kwenye hadithi yake. Wakamrudisha. Kisha akaja Walter Rodney na wenzake wakaanza kuuliza ni Mwafrika gani hasa: mwenye ng'ombe au asiye nao? Swali hilo la pili, kwa maoni yangu, liliishia vyuoni. Huku chini kwenye shule zetu lilifika lile la kwanza peke yake, likageuzwa orodha ya mashujaa ya kukariri. Ndani ya orodha hiyo kuna mkoloni, kuna shujaa, na kuna wananchi. Karani hana sanduku. Basi kila ukoo wenye karani unamweka kwenye la mashujaa, maana ndilo lililo wazi.

Sikuwa na ujasiri wa kusimama tena darasani. Hilo nakiri. Muhula uliisha, nikapata alama nzuri.

Nyumbani nilijaribu. Bibi yangu alikuwa hai bado. Nikamkuta jikoni, nikamwamkia, "Mwangaluka," tukaulizana hali hadi zikaisha. Nikamweleza nilichosikia. Alichochea moto kwanza. "Mwizi ni yule anayekuja usiku," alisema. "Babu yako hakuwa mwizi. Babu yako alikuwa karani." Mpaka leo sijui kama alikuwa anamtetea au anamhukumu. Baba mkubwa, yeye, hakuwa na mafumbo. "Umepelekwa chuo uje utuvue nguo?" Na akaniuliza ada yangu ya sekondari nilidhani ilitoka wapi, kama si shamba lile, na shamba lile lilinunuliwa na nani. Aliuliza kunikomoa. Lakini ndiye mtu pekee kwenye ukoo aliyejibu swali la pili la Dokta.

Na hata hilo darasa la nne la Babu lilikuwa na hadithi nyuma yake. Baba yake alikuwa karibu na mwanangwa, mkuu wa kijiji chini ya mtemi, wa eneo lile, na walipotakiwa watoto wa kupeleka misheni, waliopelekwa kwanza ni wa jirani ya kiti. Serikali ya Waingereza nayo ilikuwa imejenga shule ya Tabora miaka ya 1920 ikiwalenga kwanza watoto wa watemi, kwa hiyo huko chini watu walifuata mfano. Utemi ulifutwa 1963, ila kusoma hakufutiki. Mimi na katambuga zangu nilikuwa wa tatu kwenye mstari ulioanzia kwenye kiti cha mwanangwa. Yule dada wa Mwaloni alikuwa wa kwanza kwenye wake.

Kabla ya kuhitimu alinituma siku moja nimsaidie kubeba mzigo hadi kwa mama yake. Mwaloni asubuhi huwezi kusikia hata mawazo yako: mikokoteni, boti za visiwani zikishusha, wanawake wakianua dagaa. Mama alinikaribisha kama mwanawe, akanipimia dagaa wa kupeleka geto. Alijaza kopo hadi likatengeneza kilima, akasawazisha, halafu akachota tena kwa kiganja, mara mbili, akamwagia juu. "Nyongeza, mwanangu," alisema. Binti yake alinitazama, akatazama pembeni. Nilisema asante mama, nikabeba.

Hayo yana miaka zaidi ya kumi. Sasa nafundisha sekondari wilaya ya Magu. Kwa mtaala ulioboreshwa wa 2023 tumeletewa somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili. Nilifurahi kuliko walimu wengi, kwa sababu ya lugha. Nimewaona watoto waliokuwa fanicha wakinyoosha mikono. Ila jina la somo huwa linanichekesha kidogo. Historia na maadili kwenye kitabu kimoja ni kama mwenye duka na mkaguzi kulala chumba kimoja. Mwanafunzi akishajua kwamba somo linataka awe mwema na aipende nchi, atakuletea babu shujaa, kama nilivyoleta mimi. Hasemi uongo. Anajibu swali aliloulizwa.

Basi niliwapa kidato cha kwanza maswali matatu ya Dokta. Mkuu wa shule aliniambia kwa upole kwamba mtihani hautauliza hayo. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe anamuuliza bibi yake maneno ya kumtoa machozi. Nikamwomba radhi, kwa dhati, kisha nikamuuliza bibi alisema nini. Tulikaa chini ya mwembe karibu saa nzima. Mengine aliyonieleza si yangu kuyaandika hapa.

Siku ya kuwasilisha, mtoto mmoja wa mstari wa mbele, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kwenu nani alibaki?"

Nilifungua mdomo niseme hakuna, wote walisoma.

Nilikuwa na shangazi. Dada mkubwa wa baba yangu, aliishia darasa la nne, akaolewa Sengerema. Hakuna picha yake sebuleni. Kwenye hadithi zetu huwa anaingia pale tu panapotajwa harusi. Nilikuwa nimekaa na ratili nne za watu wengine miaka kumi, nazigeuza na kuzipima, na sikuwahi kumuuliza yeye chochote zaidi ya hujambo.

Nilimfuata Julai 2025, mwezi mmoja tu baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa. Zamani hapo ungesubiri kivuko na foleni ya malori. Basi likavuka kama linateleza, ziwa huku na huku. Shangazi nilimkuta anaanika mihogo. Akaniita "baba", kama anavyotuita watoto wote wa kaka yake, akanipa kigoda.

Nikamuuliza. Alicheka kwanza. Akasema baba yako alipomaliza la saba, 1972, hakuchaguliwa. Wengi hawakuchaguliwa, nafasi zilikuwa chache, na aliyekosa akarudi shambani, basi. Lakini kulikuwa na shule ya kulipia, na Babu alitaka mtoto wa kiume asome. Posa ilikuwa imeshaletwa. Yeye alikuwa na miaka kumi na sita. Ng'ombe waliletwa kwa miguu kutoka huku, wakazungushwa kusini mwa ghuba, na wengine hawakulala hata wiki zizini kabla hawajapelekwa mnadani kuwa ada.

"Wewe ulikuwa unapenda shule, shangazi?"

"Nilikuwa namfundisha baba yako hesabu," alisema. "Alikuwa mzito wa kugawanya."

Nikatoa daftari. Nikamuuliza walikuwa ng'ombe wangapi, nikitegemea aseme wengi, au kumi na kitu. Aliacha mihogo, akafuta mikono kwenye khanga.

"Kumi na wanane. Andika." Akaanza kuwahesabu kwa vidole, mmoja mmoja, baada ya miaka hamsini na mbili. Mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Mwekundu asiye na pembe. Wawili wa kijivu, mtu na dada yake. Dume lililokuwa likichechemea, ambalo Babu alilikataa kisha akalikubali. Jike lenye mimba, lililohesabiwa wawili na upande wa wakwe wakabisha. Niliandika hadi ukurasa ukajaa, nikageuza.

Alipofika wa kumi na nane nikadhani tumemaliza, nikafunga kalamu.

"Kuna mmoja alifia njiani, karibu na Misungwi," alisema. "Walilipa mwingine, kwa hiyo kwenye hesabu hayumo. Mwekundu, bado mdogo. Naye muandike."

Nikafungua kalamu.